Handaki la reli likiporomoka, msikimbilie koleo

"Zoeni kifusi upesi, kazi iendelee." Kauli hii husikika kila handaki linapoporomoka, na inaua. Kifusi kile ndicho sasa kinachozuia mwamba uliolegea. Ukikizoa kwa chini, cha juu kinateremka, na tundu linapanda hadi juu ardhini. Utajaza malori kutwa nzima, na lundo libaki palepale.

Ondoa watu, kisha imarisha kwa matao ya chuma sehemu iliyo nyuma ya kifusi, ambayo bado imesimama. Pulizia uso wa lundo zege la unene wa sentimita 10 hivi na uutoboe mashimo ya kutolea maji, la sivyo maji yatausukuma na kuupasua. Tundu la juu lijazwe zege jepesi kwa mabomba. Handaki la reli ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London, lilipoporomoka mwaka 1994, zege lilimiminwa kwanza. Shimo la mviringo lenye kipenyo cha mita 60 lilichimbwa kutoka juu baadaye.

Ndipo uweke mwavuli: mabomba ya chuma ya milimita 76 hadi 114, marefu mita 12 hadi 15, kila baada ya sentimita 30 hadi 40 kuzunguka tao, yakiinuka kidogo kwenda mbele, yajazwe uji wa saruji. Chimba nusu mita hadi mita moja, simamisha tao, pulizia zege, ndipo usogee. Mwavuli wa pili uanze wa kwanza ukiwa umebakiza angalau mita 3 mbele. Wengi hubana hapa ili kuokoa mabomba, na hapo ndipo paa hushuka tena.

"Linaloanguka ni paa, sakafu ingoje." Hapana. Zege lisilofunga mzingo mzima hubanwa ubavuni na miguu yake huzama. Pale pale Heathrow, zege bovu la sakafuni lilikuwa miongoni mwa visababishi.

"Mashine ya kuchimbia haina hatari hiyo." Rastatt, Ujerumani, 12 Agosti 2017, reli zilizama juu ya handaki lililochimbwa kwa mashine, ingawa udongo ulikuwa umegandishwa. Njia ilifungwa hadi 2 Oktoba, na mashine ikazikwa ndani ya zege.

"Lazima tupite palepale." Lötschberg, Uswisi, 1908, mlipuko ulifungua bonde lililojaa changarawe na maji; wafanyakazi 25 wakafa. Handaki lilizibwa kwa ukuta, na reli ikazungushwa. Toboeni mashimo ya uchunguzi ya mita 20 hadi 30 mbele kabla ya kulipua. Shimo likitema mchanga na maji, baruti isitiwe.