Moïse Tshombe: neno "kibaraka" halimtoshi

Malori ya shaba yanayotoka Tunduma kuja Mbeya yana namna yake ya kudanganya macho. Ukiyatazama kwa mbali pale Mbalizi, unadhani tela ni tupu, kwa kuwa turubai limelala chini kabisa. Na ukibahatika kulikuta limefunuliwa, unaona mafungu machache ya mabamba mekundu, kila fungu limekazwa kwa mikanda ya chuma, yamepangwa kwa nafasi pana juu ya ekseli. Lakini springi zimekaa, na dereva anapanda mlima kwa gia ndogo, kwa sababu mafungu hayo machache ndiyo mzigo kamili. Mengine yametoka Zambia, na mengine yametoka mbali zaidi, Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, yakavuka mpaka pale Kasumbalesa kabla ya kuikata Zambia kuja kwetu. Madereva wa huko huongea Kiswahili chao cha "batu bote", nasi tunaelewana nao bila mkalimani.

Nafundisha historia ya siasa za Afrika hapa Mbeya, na kila nikifika somo la Katanga huanza na tela hilo kabla ya kutaja jina la mtu yeyote. Jina lenyewe mimi nililisikia kwanza kama tusi. Nilipokuwa mdogo kule Tukuyu, mzee mmoja wa ukoo wetu aliuza kipande cha shamba la pamoja bila kuwashirikisha ndugu zake, na tangu siku hiyo babu hakumwita tena kwa jina lake, alimwita Chombe. Nilikuja kujua nikiwa sekondari kwamba Chombe alikuwa mtu, kwamba jina lake huandikwa Moïse Tshombe, na kwamba aliongoza jimbo la Katanga lilipojitenga na Kongo kuanzia tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963.

Katika mihadhara yetu mtu huyu amebaki na neno moja, kibaraka. Nalipinga neno hilo, wala si kwa nia ya kumtetea. Nalipinga kwa sababu linampunguzia mzigo. Kibaraka huchezeshwa, hana hiari, na lawama yote humwendea anayeshika kamba. Tshombe alikuwa na hiari, alikuwa na masilahi yake, na kila hatua kubwa ya maisha yake aliichukua akijua anachokifanya.

Alizaliwa mwaka 1919 katika ukoo wa watawala wa Walunda, kusini-magharibi mwa Katanga. Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa mmoja wa Waafrika wachache waliotajirika chini ya Wabelgiji, na utajiri huo ulitokana na maduka na biashara. Mtoto alisomeshwa na wamisionari Wamethodisti wa Marekani, akajifunza uhasibu, akamwoa Ruth, binti wa Mwaant Yaav, yaani mfalme wa Walunda, kisha akarithi biashara ambazo hazikumstawia mikononi. Hapo pana jambo la kuzingatia. Siasa aliiingia akiwa mtu wa daftari la hesabu na mkwe wa mfalme, hali Patrice Lumumba, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliingia akiwa karani wa posta asiye na ukoo wa kuutegemea. Mmoja aliitazama Kongo kama taifa la kujengwa. Mwingine aliitazama kama kampuni kubwa ambayo tawi moja lenye faida linalazimika kuyalisha matawi yote yenye hasara.

Mtazamo huo haukuwa wake peke yake. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imewaleta wafanyakazi kutoka Kasai kuja kuchimba na kuyeyusha shaba, na wengi wao walipata elimu na vyeo mijini kuliko wenyeji wa kusini mwa Katanga. Ulipofanyika uchaguzi wa manispaa huko Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1957, waliotwaa umeya wa mitaa ya Waafrika walikuwa watu wa kuja. Uchungu wa wenyeji ulikuwa wa kweli, nami siudharau. Yeyote aliyeishi kwenye mji wa mgodi au wa mpakani anaujua. Kutokana na uchungu huo kilizaliwa chama cha Conakat mwaka 1958, ambacho Tshombe alikuja kukiongoza. Walowezi wa Kizungu, waliotaka Katanga iwe yao kwa sababu tofauti kabisa, wakauona mlango na kuingia.

Rais wa kwanza wa Conakat alikuwa Godefroid Munongo, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga na mkono wake mgumu kuliko wote. Huyu alikuwa mjukuu wa Msiri, mfalme wa Bunkeya aliyepigwa risasi na afisa wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold mwezi Desemba 1891. Msiri mwenyewe alitoka Unyamwezi, akaifuata shaba ya Katanga kwa njia ya biashara ya misafara, na watu wake huko wanaitwa Wayeke hadi leo. Basi chama kilichojinadi kuwa cha "wenyeji halisi" dhidi ya wageni kilianzishwa na mtu ambaye babu yake alitoka upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Wanafunzi wangu hukaa kimya kidogo wakisikia hilo, nami huwaacha wakae.

Katika uchaguzi wa Mei 1960 Conakat ilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo, na kundi la Balubakat la Jason Sendwe, lenye nguvu kaskazini, likapata 23. Ubelgiji ikabadilisha kanuni za sheria ya msingi, yaani katiba ya muda ya Kongo, ili Conakat iweze kuunda serikali ya jimbo peke yake. Kwa hiyo Tshombe aliposimama tarehe 11 Julai, siku kumi na moja baada ya uhuru na siku chache baada ya jeshi kuasi, na kusema kwamba anajitenga na vurugu, alikuwa akisema kwa niaba ya jimbo ambalo zaidi ya nusu ya viti vyake havikuwa vya chama chake. Kaskazini mwa Katanga Waluba walipigana naye kwa muda mrefu, na askari wake walichoma vijiji vyao. Wanaosema kwamba Katanga ilijitenga kwa ridhaa ya watu wake huiruka sehemu hii.

Dola lake lilikuwa na bendera nzuri: nyekundu na nyeupe, mstari wa kijani ukiikata kwa mshazari, na misalaba mitatu midogo ya rangi ya shaba. Misalaba hiyo si ya kanisa. Ni mfano wa vipande vya shaba vilivyotumika kama fedha katika nchi hizo kabla ya ukoloni. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua serikali hiyo rasmi. Lakini Union Minière iliacha kulipa kodi kwa serikali kuu ya Léopoldville (Kinshasa ya leo) na kuilipa kwake, maafisa wa Kibelgiji waliongoza jeshi lake, na mamluki wakaja kutoka Ulaya na kusini mwa Afrika.

Tarehe 17 Januari 1961 ndiyo inayonifanya nisikubali neno kibaraka. Siku hiyo Patrice Lumumba, aliyekuwa ameshapinduliwa na kukamatwa, aliletwa Elisabethville kwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wote wakiwa wamepigwa njiani. Walifungiwa katika nyumba moja karibu na uwanja wa ndege, wakapigwa tena, na mawaziri wa Katanga walifika kuwaona. Usiku huohuo walipelekwa porini wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine, na Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwapo wakishuhudia, pamoja na maafisa wa Kibelgiji. Baadaye maiti zilifukuliwa na kuyeyushwa kwa tindikali. Mwezi mmoja karibu ukapita kabla Munongo hajatangaza kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Tume ya bunge la Ubelgiji ilithibitisha mengi ya haya mwaka 2001, na serikali ya nchi hiyo ikaomba radhi mwaka uliofuata. Wabelgiji wana sehemu yao ya hatia, na ni kubwa. Hata hivyo hakuna aliyemburura Tshombe kumpeleka porini usiku ule.

Vita vyake na askari wa Umoja wa Mataifa waliotumwa Kongo vilidumu hadi Januari 1963. Katikati yake, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola alipokuwa akienda kuzungumza naye. Na Ndola ni mji ambao madereva wetu wa masafa ya Kongo wanaujua vizuri. Tshombe alitia saini makubaliano na kuyageuka, kisha akashindwa na kukimbilia Hispania.

La kushangaza ni kwamba Julai 1964 aliitwa arudi kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima, nchi ileile aliyotaka kuivunja. Waasi wa Simba walikuwa wameshika sehemu kubwa ya mashariki, na Léopoldville ilimhitaji yeye, askari wake wa zamani na mamluki wake. Viongozi wengi wa Afrika walikataa kuketi naye. Alipokwenda Cairo mwezi Oktoba kwa mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote, Wamisri walimzuia katika kasri chini ya ulinzi. Novemba 1964 makomando wa Kibelgiji walishushwa Stanleyville (Kisangani ya leo), mji uliokuwa mikononi mwa waasi, kwa ndege za Marekani. Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimeungana miezi michache tu kabla, na nchi yetu ilikuwa upande wa waasi.

Hapo huulizwa swali ambalo silikwepi: kwa nini basi Tanzania iliitambua Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria, mwezi Aprili 1968, ikiwa kujitenga ni kosa? Mwalimu Nyerere alijenga hoja yake juu ya watu waliouawa kwa maelfu katika nchi yao na kukosa pa kukimbilia. Mwaka 1960 Wakatanga wa kusini hawakuwa wakikimbia mauaji. Matajiri wao walikuwa wakiikimbia hazina ya pamoja. Biafra nayo ilikuwa na mafuta, najua, na nadhani Mwalimu alikosea katika kupima uwezekano wa jambo lile, lakini mizani aliyoitumia ilikuwa mizani ya watu.

Tshombe hakukaa. Muungano wake wa vyama, Conaco, ulishinda viti 122 kati ya 167 mwaka 1965, na ushindi huo ndio uliomtisha Rais Kasavubu, aliyemfukuza mwezi Oktoba. Novemba Mobutu, mkuu wa jeshi, akatwaa madaraka na kuwafuta wote. Tshombe alirudi Hispania, akahukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani, na tarehe 30 Juni 1967 ndege ndogo aliyopanda katika visiwa vya Hispania ilitekwa na kupelekwa Algeria. Algeria haikumwachia, wala haikumkabidhi kwa Mobutu. Wale waliofaidi shaba yake miaka sita nyuma hawakumtoa huko. Alikufa kizuizini tarehe 29 Juni 1969, ikatangazwa kwamba ni moyo, akiwa na miaka 49.

Mobutu aliibadilisha Katanga jina mwaka 1971 akaiita Shaba, kwa Kiswahili, na ikaitwa hivyo hadi mwaka 1997. Tshombe amezikwa katika makaburi ya Etterbeek, karibu na Brussels. Juni 2022, jijini Brussels kwenyewe, familia ya Lumumba ilikabidhiwa jino moja lililokuwa limehifadhiwa na mmoja wa polisi wa Kibelgiji walioiyeyusha maiti, nao wakalirudisha Kongo ndani ya jeneza la ukubwa wa kawaida.