Mgonjwa wa Kitandani: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Nyumba yenye mgonjwa asiyeweza kuinuka haikosi washauri. Jirani anakuja na lake, shangazi na lake, na kila mmoja anasema kwa uhakika. Nia ni njema, ila baadhi ya ushauri huo unamuumiza mgonjwa, na wanaomuuguza hawajui kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Nianze na dhana ambayo, kwa maoni yangu, ina madhara kuliko nyingine zote.

"Akilala muda mrefu, vidonda lazima"

Hata wasomi waliwahi kuiamini. Katika karne ya 19, Jean-Martin Charcot, daktari mashuhuri wa Ufaransa, alifundisha kwamba vidonda vya kulala husababishwa na kuharibika kwa mishipa ya fahamu. Maana yake ni kwamba muuguzi hana la kufanya. Mtafiti Brown-Séquard, aliyeishi zama zilezile, alikuwa ameshaonyesha kwa wanyama waliokatwa uti wa mgongo kwamba wakiepushwa na mgandamizo na kuwekwa wakavu, ngozi yao haioti vidonda. Aliyesikilizwa ni Charcot. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kuwatibu majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, akaagiza wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Watu waliohesabiwa kuwa ni wa kufa wakaanza kupona na kurudi kwao.

Sababu yenyewe haina fumbo. Mfupa unabana nyama dhidi ya godoro, mishipa midogo ya damu inazibika, na nyama isiyopata damu inaanza kufa. Kwa mtu dhaifu, saa chache zinatosha. Sehemu za kukagua kila siku ni kitako na mfupa wa chini ya mgongo, nyonga, visigino, mafundo ya miguu, viwiko, mabega, kisogo, na hata masikio kwa anayelalia ubavu.

Hapa kuna jambo ambalo mafunzo mengi hulipita haraka. Tunaambiwa tutafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tafuta pale palipogeuka rangi kuliko ngozi ya jirani, mara nyingi pakawa peusi zaidi au pa zambarau. Pitisha mgongo wa kiganja: je, pana joto au ubaridi usio wa kawaida? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama tope? Mgonjwa anakunja uso ukipagusa? Mojawapo ya hayo likiwepo, asipalalie tena mpaka pamerudi hali yake.

Na usipasugue. Kukanda mahali palipoanza kubadilika kwa mafuta ili "damu itembee" kunaumiza nyama ambayo tayari imechoka. Mduara wa mpira wenye tundu katikati, ambao familia nyingi hununua kwa bei kubwa, nao hausaidii, maana unabana damu kuzunguka kidonda. Kwa visigino, weka mto chini ya shavu la mguu, goti likunjwe kidogo, kisigino kibaki hewani.

Saa 2 za Guttmann ni mwanzo mzuri, si sheria. Mwenye godoro zuri na ngozi imara anaweza kukaa zaidi, na mwingine hafiki hata hapo. Ngozi ndiyo inayotoa jibu. Unapomgeuza, usimlaze ubavu kamili, kwani uzito wote utaishia kwenye mfupa wa nyonga. Mwinamishe nyuzi 30 hivi, mto ukiwa nyuma ya mgongo. Kichwa cha kitanda nacho kisiinuliwe sana nje ya muda wa kula, maana anateleza taratibu kwenda chini: ngozi imeshikwa na shuka, mfupa unashuka, na nyama ya katikati inachanika bila mtu kuona.

"Kidonda kipigwe spiriti na kianikwe juani kikauke"

Spiriti na dawa zinazotoa povu huua pia chembe changa zinazojenga ngozi mpya. Kuhusu kukausha, mtafiti George Winter alionyesha mwaka 1962, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba kidonda kinachobaki na unyevu kiasi hujifunika ngozi haraka kuliko kilichoachwa kikaganda gaga. Osha kwa maji safi yenye chumvi ya kipimo cha hospitali, funika, ondoa mgandamizo. Hilo la mwisho likikosekana, hakuna bandeji itakayofua dafu.

"Mwache apumzike, usimsumbue"

Kupumzika kupita kiasi kuna gharama zake. Misuli inaanza kupungua ndani ya siku chache, viungo vinakakamaa, makohozi yanatuama mapafuni, damu inaganda kwenye mishipa ya miguu. Asiyeweza kujinyoosha anyooshwe: bega, kiwiko, vidole, goti, kifundo, kila kiungo polepole hadi kinapofika chenyewe, bila kulazimisha. Aliyepooza upande mmoja asivutwe kwa mkono ule uliolegea, wala asiinuliwe kwa kushikwa kwapani. Bega lisilo na misuli ya kulishikilia hutoka mahali pake kwa urahisi, na maumivu yake hudumu.

Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, usilikande. Huenda ni damu iliyoganda, na ikisafiri hadi mapafuni inaua. Mpeleke hospitali.

"Mradi anameza, mpe tu"

Kulisha ndiko ninakokuogopa zaidi, maana hatari yake haipigi kelele. Mtu akipaliwa tunategemea akohoe. Aliyepata kiharusi, au aliyedhoofika sana, anaweza kuingiza chakula mapafuni bila hata kikohozi kimoja. Dalili huja baadaye: sauti yenye majimaji baada ya kunywa, pumzi za haraka, homa, kisha nimonia.

Wengi hudhani maji ndiyo salama kuliko vyote. Kwa mwenye shida ya kumeza, maji huwa magumu kuliko chakula kizito kidogo, kwa kuwa yanakimbia kooni kabla koo halijajifunga. Akae wima kadiri inavyowezekana, kidevu kikielekea chini kidogo. Kichwa kikirudi nyuma, kama tunavyomnywesha mtu kwa kumwinulia kikombe, njia ya hewa inabaki wazi. Kijiko kidogo, subiri ameze, angalia kama mdomo umebaki mtupu, ndipo uendelee. Akimaliza abaki ameketi nusu saa au zaidi. Anayesinzia asilishwe, na asiye na fahamu asidondoshewe chochote mdomoni, hata tone la maji.

Mrija wa kulishia unaopitishwa puani nao hauondoi hatari hii, kwani chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni. Kabla ya kila mlo hakikisha mrija uko tumboni kwa namna uliyofundishwa, kwa kawaida kuvuta majimaji kidogo na kuyapima asidi. Kupuliza hewa na kusikiliza mlio tumboni hakutoshi. Mlio huohuo unaweza kusikika mrija ukiwa kifuani.

Na mdomo? "Hali chakula, kwa nini apigwe mswaki?" Asiyekula kwa mdomo ndiye anayehitaji zaidi, maana mate yanapungua na vijidudu vinazaliana, kisha vinashuka mapafuni. Mlaze ubavu ili majimaji yatoke, tumia mswaki laini, mpake mafuta kidogo midomoni.

"Apunguziwe maji asilowanishe kitanda"

Atalowanisha vilevile, safari hii kwa mkojo mkali unaochoma ngozi, na choo kitafunga. Mpira wa mkojo si njia ya mkato: kila siku unapokaa unaongeza nafasi ya maambukizi, kwa hiyo uwekwe kwa sababu ya kitabibu na utolewe mapema. Ukiwepo, mfuko uwe chini ya kibofu wakati wote, usilale sakafuni.

"Mofini ni dawa ya kumalizia mtu"

Dawa hii kali ya maumivu ilikuwamo kwenye orodha ya kwanza kabisa ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1977. Ikipangwa kulingana na maumivu na kupandishwa taratibu, haiharakishi kifo. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua. Mofini ya maji hutolewa kwa kawaida kila baada ya saa 4, na kungoja mpaka mgonjwa alie ndiko kunakofanya dozi ionekane haitoshi. Kinachosahaulika ni choo: karibu kila anayeitumia mfululizo hufunga choo, hivyo dawa ya kulainisha huanza pamoja nayo. Mwenye figo mbovu anahitaji uangalifu zaidi, na hilo ni la daktari.

"Hali chakula tena, tunamuua kwa njaa" na "Hasikii tena"

Siku za mwisho mwili wenyewe unaacha kutaka chakula. Kumlazimisha huleta kutapika na kupaliwa, na dripu nyingi wakati huo inaweza kuongeza uvimbe na mkoromo. Kuhusu kusikia, mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa ukingoni na hawaitikii tena, wakakuta ubongo wa baadhi yao bado unaitikia sauti. Haithibitishi kwamba walielewa maneno, ila inatosha kuwanyamazisha wanaogawana mali mbele ya kitanda.

"Kuuguza ni moyo tu, hakufundishwi"

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza walio ukingoni mwa maisha) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alisomea uuguzi, kisha ustawi wa jamii, kisha udaktari. Moyo alikuwa nao tangu mwanzo, akasoma bado. Nyumbani hatuhitaji vyeti vitatu, lakini tunahitaji kuonyeshwa. Hata mgongo wa anayeuguza hauokolewi na nguvu, wala na somo la namna ya kuinama peke yake. Unaokolewa na kutoinua kabisa: shuka iliyokunjwa mara mbili chini ya mgonjwa, kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili wakimsogeza kwa pamoja.

Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka wodini, usikubali maelezo ya mlangoni. Mwombe muuguzi asimame pembeni akuangalie wewe ukimgeuza, ukimlisha vijiko vichache, ukimsafisha baada ya haja kubwa na ukimwaga mfuko wa mkojo. Akukosoe hapohapo. Mwende na yule atakayekupokea zamu ya usiku, naye afanye vilevile, na muondoke na namba ya simu ya wodi iliyoandikwa kwenye karatasi.