Nondo hawi mpya kwa sababu hujapata kumuona

Tangu tuanze kutega wadudu kwa taa pembezoni mwa msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba, wanaofika ofisini kwetu wamekuwa wengi. Wapo wanaolalamikia shuka jeupe na taa zinazowaka msituni usiku. Wapo wanaokuja na nondo, yaani wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo, ndani ya mfuko wa plastiki, wengi wao wameshasagika, wakiuliza watalipwa kiasi gani kwa kugundua mdudu mpya. Nia njema ya watu hawa hatuitilii shaka. Hata hivyo yapo mambo ambayo lazima yawekwe sawa.

Nianze na shuka. Nondo hufuata mwanga na kutua kwenye kitambaa. Sisi huchukua wachache, tukizima taa waliobaki huruka zao. Hakuna uchawi hapo, wala hakuna mali inayotoroshwa. Kila timu inayofanya kazi hiyo lazima iwe na kibali cha utafiti, ipite wilayani, kisha ijitambulishe kwa sheha wa shehia husika kabla ya kuwasha taa ya kwanza. Mwananchi akitaka kuoneshwa kibali, aoneshwe. Asiyekuwa nacho aripotiwe kwa sheha au kwa bwana misitu. Ngezi ni msitu wa hifadhi, na kuvuna humo bila ya kibali ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Namba 10 ya 1996. Kutoa sampuli nje ya nchi kunahitaji ruhusa nyengine, tofauti na ile ya kukusanya. Kuwa na ya kwanza hakumpi mtu ya pili. Jambo hili tunalirudia kila wiki, na linawahusu pia wageni wa hoteli wanaotia vipepeo mkobani kwa ajili ya kumbukumbu.

Sasa neno "mpya". Spishi, yaani aina ya kiumbe, huwa mpya pale ambapo sayansi haijaipa jina. Wewe kutoipata kwenye intaneti si ushahidi wa lolote. Mkulima mmoja alituletea tawi la mndimu, majani yamejikunja, na juu ya kila jani mchirizi wa rangi ya fedha umezunguka kama njia ya konokono, katikati una kamstari cheusi. Tuliliweka jani chini ya hadubini. Kamstari kale ni kinyesi cha kiwavi aliyekuwa akila ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini. Nondo wake, mbawa zikiwa zimetandazwa, hafiki hata nusu sentimita, na kwenye ncha ya kila bawa la mbele ana nukta nyeusi. Mkulima aliamini amegundua kitu. Mdudu huyo anaitwa Phyllocnistis citrella, na jina hilo alipewa mwaka 1856 kutokana na sampuli za Calcutta, India.

Ndiyo maana kazi yetu ni ya polepole. Rangi ya mbawa haitoshi kutenganisha nondo wadogo. Wapo wanaofanana kabisa kwa nje na bado ni spishi mbili. Tumbo hukatwa, hupashwa moto katika maji ya potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 mpaka nyama iyeyuke, kisha viungo vya uzazi husafishwa na kubandikwa kwenye kigae cha kioo. Humo ndimo tofauti zinamoonekana. Pia husomwa kipande cha DNA, yaani chembe za urithi, chenye herufi 658 na kulinganishwa na vya spishi nyengine. Kisha inabaki kulinganisha na sampuli za zamani. Mwalimu wa skuli wa Uingereza, Edward Meyrick, peke yake alizipa majina zaidi ya spishi 10,000 za nondo wadogo kutoka pembe zote za dunia, na nyingi ya sampuli zake ziko London. Anayedai upya bila ya kuzipitia anajidanganya.

Meyrick huyo ndiye aliyempa jina, mwaka 1917, nondo mmoja wa Peru ambaye leo wakulima wa tungule (nyanya) wanamjua kwa hasara: kantangaze. Aliingia Tanzania mwaka 2014. Kwa sababu alikuwa na jina na maelezo yake, wataalamu hawakuanza sifuri. Walijua anakotoka, anakula nini, na dawa zipi ameshazizoea. Naomba pia msimpulizie dawa kila nondo mdogo mkidhani ni kantangaze.

Upya ukithibitika, maelezo huchapishwa. Tangu mwaka 2000 kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka mwandishi ataje wazi sampuli ya rejea, ambayo kwa kawaida ni moja na huitwa holotaipu, na mahali itakapohifadhiwa. Chapisho la mtandaoni lazima pia liandikishwe kwenye ZooBank, rejista ya kimataifa ya majina ya wanyama. Wanaotuomba nondo aitwe kwa jina lao wajue kwamba anayechagua ni mwandishi wa maelezo, na haiuzwi nafasi hiyo. Mahali nako huweza kubeba jina: bundi mdogo wetu ni Otus pembaensis tangu 1937.

Kwamba Pemba inaweza kuwa na nondo wasiokuwepo kwengine, hilo tunaliamini kwa dhati. Mkondo unaotutenga na bara ni mrefu mno kwenda chini, mamia ya mita, na kisiwa kimekaa peke yake muda mrefu kuliko Unguja. Popo wa Pemba na bundi huyo hawapatikani popote pengine duniani.

Kwa hiyo anayetaka kusaidia na asaidie, lakini nje ya hifadhi na kwa utaratibu. Nondo asishikwe kwa vidole, maana magamba ya mbawa hutoka kama unga. Atiwe peke yake kwenye kichupa kikavu, si mfukoni wala kwenye spiriti, na akae kwenye friza. La lazima zaidi ni lebo inayosema alipatikana wapi na lini. Mdudu asiye na lebo hatumpokei, hata akiwa mzuri namna gani.

Mwanafunzi mmoja alikuja na kisanduku cha kiberiti. Juu yake aliandika kwa kalamu ya risasi: "Makangale, nje ya msitu, kwenye ukuta karibu na taa, saa 2 usiku", na tarehe. Ndani mlikuwa na nondo wa milimita nne, mbawa zote mbili za mbele zikiwa nzima. Sampuli hiyo tumeiandikisha siku ile ile, na imo kwenye foleni ya hadubini.