Leseni Ukutani Haitoshi: Sheria Inamfuata Mhudumu wa Afya Hadi Kwenye Faili la Mgonjwa

Ingia kliniki yoyote ya kibinafsi nchini Kenya, na mapokezini utakuta vyeti vimewekwa kwenye fremu na kupangwa ukutani. Wenye vituo huvitunza vizuri, na wana sababu, maana mkaguzi akija ndivyo anavyovitazama kwanza. Hata hivyo, sisi tunaowashauri wahudumu wa afya kuhusu sheria tunajua kwamba kesi nyingi zinazowaumiza hazianzii ukutani. Huanzia kwa mgonjwa aliyepasuliwa bila kuelezwa vizuri, kwa faili lenye mistari miwili mitupu, kwa mama aliyezuiliwa wodini kwa sababu ya deni, au kwa picha iliyotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp.

Tuvimalize vyeti haraka. Kituo chenyewe hupewa leseni na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Kila mhudumu naye hupata leseni yake kutoka kwa baraza la taaluma yake: daktari kutoka KMPDC, afisa wa kliniki na muuguzi kutoka mabaraza yao. Duka la dawa lililo ndani ya kituo liko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, maabara iko chini ya bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB, na mashine ya eksirei iko chini ya mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA. Sindano na pamba zilizotumika zina sheria zake chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Kuna pia kibali cha biashara cha kaunti. Pengo ninalolikuta mara nyingi ni la mwezi Januari. Leseni ya daktari huisha tarehe 31 Desemba, na mtu aliyekuwa halali wakati wa Krismasi anaweza kuwa zamuni wiki moja baadaye bila ruhusa ya kutibu. Mwajiri asitosheke na nakala aliyoletewa mkononi. Sajili za mabaraza ziko kwenye tovuti zao, na kutafuta jina huchukua dakika chache tu.

Sasa tuingie ndani ya kituo.

Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 7, ikaongeza makali: kituo chenye uwezo wa kutoa huduma ya dharura kisipoitoa kinatenda kosa la jinai, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 3. Wenye zahanati ndogo huniuliza, “Sisi hatuna chumba cha wagonjwa mahututi, tutafanya nini?” Jibu limo katika kifungu hichohicho. Huduma ya dharura inajumuisha kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuzorota, na pale uwezo unapokosekana, kupanga apelekwe kwingine. Kwa hiyo zahanati haidaiwi upasuaji wa ubongo. Inadaiwa kuzuia damu isiendelee kutoka, kufungua njia ya hewa, kuweka dripu, kupiga simu kwa hospitali ya juu na kuandika barua ya rufaa. Kinachowatia watu hatiani ni lile neno la mapokezini, “leteni deposti kwanza,” likitamkwa mgonjwa akiwa bado kwenye kiti cha magurudumu. Asiyejua hilo mara nyingi si daktari. Ni mlinzi wa langoni au karani, na hao ndio hasa wanaopaswa kufundishwa, kwa sababu wao ndio mgonjwa hukutana nao kwanza.

Jambo la deni lina upande wa pili, na hapa nitasema wazi ninavyofikiri: kumzuilia mgonjwa aliyepona kwa sababu hajalipa ni makosa ambayo sekta yetu imeyazoea kupita kiasi. Naelewa uchungu wa mwenye hospitali. Dawa amenunua, mishahara analipa, na kampuni za bima zinamchelewesha. Lakini mahakama zimeshasema. Mwezi Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu hawakuweza kulipa. Aliona kwamba haki zao za kikatiba zilivunjwa, na akaamuru walipwe fidia. Kuhusu maiti, Mahakama Kuu ya Mombasa ilishasema tangu mwaka 1998, katika kesi iliyohusu hospitali moja ya kibinafsi, kwamba mwili wa marehemu hauwezi kushikwa kama dhamana ya deni. Njia halali zipo: makubaliano ya maandishi ya kulipa kwa awamu, mdhamini, na mwisho kesi ya madai. Ni kweli njia hizi huchukua muda, na kuna deni ambalo halitalipwa kabisa. Hata hivyo, deni la laki moja likimfanya mwenye kituo afunge mlango wa wodi, huenda akalipa fidia inayolizidi mara kadhaa.

Ridhaa ndilo eneo ambalo wahudumu wengi wazuri hujikwaa, kwa kuwa wanadhani ridhaa ni karatasi. Fomu husainiwa mgonjwa akiwa tayari amevaa gauni la upasuaji, imeandikwa kwa Kiingereza cha kitabuni, na aliyeileta ni mwanafunzi wa uuguzi ambaye hawezi kujibu swali lolote. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya kinataka mgonjwa aelezwe hali yake, vipimo na matibabu yaliyopo, faida, hatari, gharama, na haki yake ya kukataa. Kinataka pia maelezo hayo yatolewe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hiyo mama wa Kwale aliyeelezwa kwa Kiingereza na akatia dole gumba hajaelezwa, na sahihi yake mbele ya hakimu itakuwa na uzito mdogo sana. Anayefaa kueleza ni yule atakayefanya kazi yenyewe. Akitumia mkalimani, jina la mkalimani liandikwe.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2022, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba haki za mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI zilivunjwa alipofungwa mirija ya uzazi bila ridhaa yake ya kweli. Uzazi ukishafungwa namna hiyo, si rahisi kuurudisha, na shilingi hazirudishi mtoto ambaye mtu alitamani kumzaa. Kuna desturi nyingine inayofanana na hii, ya kudai sahihi ya mume kabla ya kumhudumia mke. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hutoa ridhaa mwenyewe. Mume kuhusishwa ni jambo jema mke akitaka, lakini sahihi yake haiwezi kuchukua nafasi ya sahihi ya mke, wala kukosekana kwake hakuwezi kuchelewesha upasuaji wa kuokoa maisha. Mgonjwa akiwa hajitambui na kuchelewa kutamuua au kumletea madhara ya kudumu, sheria inaruhusu atibiwe. Andika tu hali ilikuwaje na nani alifanya uamuzi.

Namna ya kumtendea mtu nayo ni suala la sheria. Mwezi Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa shilingi milioni 2.5 mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma mwaka 2013, akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Hakukuwa na dawa mbaya wala kisu kilichoteleza. Kilichohukumiwa ni heshima aliyonyimwa, pamoja na uzembe wa kutoa huduma.

Sasa faili. Wahudumu wana msemo wao wodini: kisichoandikwa hakikufanyika. Mahakamani msemo huo karibu una nguvu ya sheria. Daktari anaweza kuwa alimpima mgonjwa vizuri, akamshauri arudi baada ya siku mbili, naye mgonjwa akakataa kulazwa. Ikiwa faili lina “malaria, AL, panadol” peke yake, miaka miwili baadaye hakuna atakayeamini mengineyo. Andika saa, andika vipimo vya mwili, andika ulichomwambia mgonjwa na alichokijibu. Akikataa matibabu, andika kwamba alielezwa hatari ya kukataa, kisha atie sahihi. Na kabla ya yote hakikisha faili ni la nani. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mgonjwa asiyehitaji upasuaji wowote alifunguliwa fuvu, wakati aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni alikuwa mwingine, kwa sababu utambulisho wao ulichanganywa. Ikiwa hospitali kubwa kuliko zote nchini ilipatwa na hilo, kliniki yenye Wanjiku watatu katika foleni moja haina budi kuuliza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa kila mara.

Faili litunzwe kwa muda gani? Watu hupenda kusikia idadi moja ya miaka, lakini ni bora kufikiria muda wa mtu kukushtaki. Kesi ya uzembe uliomjeruhi mtu kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dhidi ya Serikali ni miezi 12. Mahakama inaweza kumwongezea muda mtu ambaye hakujua mapema kilichompata. Lakini mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa hahesabiwi muda huo hadi afikishe miaka 18. Maana yake ni kwamba kesi kuhusu uzazi wa leo inaweza kufika mahakamani zaidi ya miaka 20 baadaye, mkunga akiwa amestaafu na mwenye kituo akiwa ameuza jengo. Ndiyo maana nasisitiza mbele ya kila mwenye kituo cha uzazi: patogramu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, ndiyo kinga yako ya mbali. Usiiache iliwe na mchwa stoo.

Siri ya mgonjwa ni ya tangu jadi, ila sasa ina meno mapya. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya ni data nyeti. Biashara ndogo yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini utoaji wa huduma za afya haumo katika msamaha huo. Kliniki ya chumba kimoja inapaswa kujisajili. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Laptopu ya mapokezi ikiibwa, hilo ni tukio la kisheria, si hasara ya kifaa tu.

Wengi hudhani tishio ni wadukuzi wa mbali. Kwa ninayoyaona, simu ya mfukoni ina hatari zaidi. Eksirei yenye jina hutumwa kwenye kikundi cha madaktari kutafuta ushauri. Picha ya pacha waliozaliwa usiku hupandishwa Facebook kama tangazo la kituo. Mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini, na shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakukubali. Ikiwa picha ya mtu akijiburudisha ina bei hiyo, fikiria picha ya mtu kitandani. Matokeo ya kipimo cha virusi vya UKIMWI yana sheria yake maalum ya mwaka 2006: kupima bila ridhaa au kutoa majibu kwa mtu asiyestahili ni kosa, hata kama anayeuliza ni mwajiri aliyelipia uchunguzi.

Madai ya bima nayo yameingia zama mpya tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, mnamo Oktoba 2024. Mwaka 2025 vituo kadhaa vilisimamishwa kwa tuhuma za udanganyifu, kama vile kumwandika mgonjwa aliyetibiwa na kurudi nyumbani kana kwamba alilazwa, au kudai huduma ya bei kubwa kuliko iliyotolewa. Kijana wa kujaza fomu anapoambiwa na bosi “ongeza siku mbili,” ajue kwamba jina lake ndilo linalobaki kwenye mfumo. Daktari aliyekopesha nywila yake naye hawezi kusema hakujua.

Mhudumu pia ana haki zake, na sipendi mafunzo yanayomtisha tu. Sheria ya Afya inamruhusu kukataa kumtibu mtu anayempiga, kumtukana au kumsumbua kingono, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mwingine wa kuhudumu. Inampa pia haki ya mazingira salama ya kazi. Muuguzi aliyepigwa na jamaa wa mgonjwa aripoti polisi na aandike ripoti kazini, asiambiwe avumilie.

Na mambo yakiharibika, saa chache za kwanza ndizo zinazoamua mengi. Mgonjwa ahudumiwe kwanza. Familia iitwe, iketi na daktari mwenye dhamana, ielezwe kinachojulikana bila kubahatisha na bila kumtupia mwenzako lawama. Nimeona malalamiko mengi yakifika KMPDC kwa sababu hakuna aliyekubali kuzungumza na mama wa marehemu. Kampuni ya bima ya dhamana ya kitaaluma, ile inayomkinga mhudumu akidaiwa fidia, ijulishwe mapema, kwani nyingi hukataa kulipa zikichelewa kuarifiwa. Faili lisiguswe kwa nia ya kulipamba. Kufuta, kubandua ukurasa au kuandika upya humgeuza mtu aliyekosea kwa bahati mbaya kuwa mtu aliyeghushi. Jambo la maana likiwa limesahaulika, liandikwe kwenye mstari mpya, kwa tarehe na saa linapoandikwa, likiwa na sahihi, na ielezwe kwamba limeongezwa baadaye. Kisha nakala ya faili lote itolewe siku hiyohiyo na kufungiwa mahali salama, kabla barua ya wakili haijafika.