Uvumi juu ya jiwe: namna ninavyoikagua litografia yenye saini ya A. Paul Weber

Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza picha zilizochapwa kwenye karatasi, na picha ya mchoraji Mjerumani A. Paul Weber iitwayo „Das Gerücht“, yaani Uvumi, ni miongoni mwa zile ninazoletewa mara kwa mara. Swali la mwenye picha huwa lilelile: ina saini, je, ni ya kweli? Humwomba aiache saini kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ya mwisho ninayoitazama.

Katika picha hiyo jitu refu kama nyoka linapaa mbele ya jengo kubwa la ghorofa lenye madirisha yasiyohesabika. Lina masikio makubwa, pua ndefu iliyochongoka na miwani juu yake, na kutoka madirishani wanaruka viumbe wadogo wenye maumbo ya watu, wakienda kujiunga na mwili wake. Weber alilichora wazo hilo mwaka 1943, vita vikiendelea, kisha akalichapa kwa jiwe, yaani kwa litografia, mwaka 1953. Sisi husema uvumi huvuma, kama upepo uvumavyo, na mvumishaji haonekani. Weber amewaonyesha wavumishaji mmoja mmoja, kila mmoja akitoka nyumbani kwake kwa hiari yake.

Mchoraji mwenyewe hana historia nyepesi. Alizaliwa Arnstadt mwaka 1893, na mwaka 1932 alichora picha za kijitabu cha mwandishi Ernst Niekisch kilichoonya kwamba Hitler angekuwa balaa kwa Ujerumani. Mojawapo inaonyesha umati ukiteremka kilimani na kutumbukia katika jeneza kubwa. Mwaka 1937 alifungwa kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, kabla ya hapo alikuwa amechora picha za chuki dhidi ya Wayahudi, na wakati wa vita mfululizo wa michoro yake dhidi ya Waingereza uliitumikia vyema propaganda ya utawala uleule uliomfunga. Wauzaji wengi hutaja kifungo na kuyanyamazia mengine, jambo ambalo kwangu ni kosa, kwa sababu mtu aliyewahi kuchora uzushi kwa mkono wake aliujua uvumi kutoka ndani. Tangu mwaka 1936 aliishi Schretstaken, kijiji kilicho mashariki ya Hamburg, na huko ndiko alikofariki mwaka 1980. Jumba la makumbusho la kazi zake lilifunguliwa Ratzeburg mwaka 1973, yeye akiwa hai.

Sasa tuje kwenye jiwe. Litografia ilibuniwa na Alois Senefelder huko München mnamo mwaka 1796, alipokuwa akitafuta njia rahisi ya kuchapa tamthilia zake. Mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lake lilianza siku alipokosa karatasi akaandika orodha ya nguo za dobi juu ya jiwe. Jiwe linalotumika ni la chokaa, na lililo bora hutoka Solnhofen, Bavaria. Husuguliwa kwa mchanga hadi uso wake uwe na chembechembe laini, kisha mchoraji huchora kwa chaki yenye mafuta, picha ikiwa imegeuzwa kushoto kulia. Baadaye hupakwa gundi ya miti ya jamii ya mgunga iliyochanganywa na asidi kidogo, ili sehemu zisizochorwa zishike maji na kuukataa wino, huku mistari ya chaki ikiukataa unyevu na kuupokea wino. Hakuna kinachochongwa: mafuta na maji kutopatana ndiyo siri yote.

Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza ni lenzi inayokuza mara kumi. Katika litografia ya kweli, weusi wa picha huonekana kama punje za wino zisizo na mpangilio, kwa sababu chaki iligusa vilele vya chembe za jiwe na kuyaruka mabonde. Nikikuta vitone vilivyopangwa safu kwa safu kama mbegu za shamba la mashine, basi ni nakala ya ofseti, yaani ya mashine ya uchapaji, iliyotokana na fotografia, na mjadala wa saini umefungwa.

Nayajua haya kwa gharama yangu. Picha ya kwanza niliyoinunua, nikiwa bado mwanafunzi, ilikuwa na saini ya penseli upande wa kulia chini, au ndivyo nilivyoamini. Aliyeitengeneza alikuwa amepiga picha karatasi iliyokwisha sainiwa, hivyo saini nayo ikachapwa kwa wino. Siku hizi huilaza taa pembeni ya karatasi: penseli huacha mfereji mdogo na mng'ao wa kijivu unaobadilika unapoinamisha kichwa, ilhali wino wa nakala hulala bapa bila kung'aa.

Na saini ikiwa ya kweli, inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba karatasi ilipita mikononi mwa mchoraji naye akaikubali, basi. Haithibitishi kwamba ni adimu. Jiwe moja likitunzwa vizuri linaweza kutoa mamia ya nakala, na kikomo kama 12/100, yaani nakala ya kumi na mbili kati ya mia, ni ahadi ya mchapaji, wala si udhaifu wa jiwe. Karatasi nyingi za Weber zilizopita mezani kwangu zina saini bila namba yoyote, na sizihesabu kuwa pungufu kwa sababu hiyo.

Ninachokisikitikia zaidi ni kingo. Watu huzikata ili picha iingie katika fremu waliyo nayo, au huibandika kwenye kadibodi duni ambayo asidi yake huacha mstari wa rangi ya chai kuizunguka picha. Mstari huo mara nyingi hupungua kwa kuoshwa taratibu katika maji safi, na penseli, tofauti na wino wa kalamu, kwa kawaida huvumilia maji hayo. Ukingo uliokatwa, pamoja na nusu ya saini iliyokuwa juu yake, hauna dawa.