Treni Inayoelea Haiogopi Jua la Dodoma

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, swali hili hurudi kila muhula: ile treni ya Japani inayoelea kwa sumaku ingeliweza jua letu la Novemba? Ingeliweza. Joto linaloiponza ni lile linalozaliwa ndani yake.

Treni hiyo, iliyofikia kilomita 603 kwa saa huko Yamanashi Aprili 2015, hubeba sumaku ambazo ni koili za nyaya za niobi na titani zilizopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo ukinzani wa umeme hutoweka kabisa. Ndiyo maana waya huo huitwa superkondakta: konda asiyetoza nauli. Koili hukaa kwenye chombo chenye kuta mbili na ombwe katikati, kama chupa ya chai. Jua kali litaipa mashine ya kupoza kazi ya ziada, basi.

Shida ni kwamba kwenye baridi hiyo metali huwa haina kifua cha kubeba joto. Shaba huhitaji joto pungufu maelfu ya mara kuliko shaba iliyo mezani ili ipande nyuzi moja. Uzi mmoja wa koili ukisogea kwa mtikisiko, msuguano wake mdogo unatosha kuupasha joto. Pale palipopata joto ukinzani hurudi, ukinzani huzaa joto zaidi, joto huambukiza waya wa jirani, heliamu inachemka, na sumaku inazimika. Wahandisi huita hali hiyo kwenchi. Kwa sababu hiyo nyuzi za koili hufunikwa kwa shaba, mkondo upate pa kupita wakati superkondakta imegoma.

Tangu 1987 tunayo kauri ya yitiriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambayo huwa superkondakta chini ya nyuzi -180. Hiyo hupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ile ile ambayo wataalamu wa uhimilishaji hutunzia mbegu za ng'ombe. Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi -196 usawa wa bahari. Hapa Dodoma, mita zaidi ya 1,000 juu, huchemka karibu nyuzi moja chini zaidi. Mwinuko umetupa kazawadi.

Lakini nyuzi 16 za nafasi zisikudanganye. Kauri hiyo nayo huelea juu ya sumaku, na nguvu ya kuiinua haisubiri mpaka ufike -180 ndipo ikatike. Hupungua njia nzima, kwa kuwa kila nyuzi inayopanda hupunguza mkondo ambao kauri inaweza kubeba, na mistari ya nguvu ya sumaku iliyonaswa ndani yake huanza kuteleza. Toa kipande cha kauri kwenye naitrojeni, kiweke juu ya sumaku: kinaelea kikiwa kimefunikwa na barafu nyembamba, kisha kinashuka taratibu, milimita kwa milimita, hadi kinagusa.