Kiondo cha asili hakikuwa cha mkonge

Wengi huamini kwamba mkonge ni mmea wa asili ya kwetu na kwamba kiondo kimesukwa kwa katani tangu enzi za mababu. Sivyo. Mkonge wa mashambani asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Pangani ikiwa hai 62 tu. Mashamba yote ya Tanga yalianzia hapo.

Wakamba walisuka kwa nyuzi za magome ya mbuyu. Gome la nje hubanduliwa, la ndani likachanwa nyuzinyuzi, kisha mama akazisokota juu ya paja kwa kiganja, mbele na nyuma, hadi kamba itoke nyembamba na ngumu. Mbuyu wenyewe haufi, huota gome jipya. Ndiyo maana mibuyu mingi Ukambani ina makovu kiunoni.

Mkonge wetu wa porini upo pia, ule wa majani yenye madoa unaojificha chini ya migunga. Nyuzi zake zilitengeneza kamba na nyuzi za upinde. Siku hizi watu wanaupanda sebuleni kama pambo!